Wazee wetu, bataka na benki za Maskati: tusingoje maji yafike shingoni



Mimi si mtu wa benki wala si mwanasheria. Mimi ni muuguzi, nimesomea shahada ya uuguzi Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa kumi nafanya kazi hapa Maskati. Sasa mtaniuliza, muuguzi na mambo ya benki wapi na wapi? Jawabu yangu ni kuwa presha za wazee wetu nyingi ninazozipima haziletwi na chumvi peke yake. Zinaletwa na karatasi.

Nianze na kisa kimoja. Nitabadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asijulikane, maana siri ya mgonjwa ni amana. Alilazwa kwetu mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Unguja, pasi yake ya Uingereza. Kafanya kazi kule zaidi ya miaka thelathini, mke kafariki, watoto wana maisha yao. Akasema ya nini kuumaliza uzee kwenye baridi, ilhali dada yake na wapwa zake wote wako Maskati, wanasema Kiswahili, wanakula chakula anachokijua na msikiti uko mlangoni. Akauza kijinyumba chake, akaja.

Alipofika akaenda benki kufungua akaunti. Karani akampokea vizuri, akamwekea kahawa, akamuuliza: "Bataka iko wapi, mzee?" Mzee akatoa pasi. Karani akasema pasi pekee haitoshi, anataka kitambulisho cha ukaazi. Mzee alikuwa na viza ya matembezi tu. Akaenda benki ya pili, jawabu ile ile. Basi wakakaa kifamilia, wakaona njia nyepesi ni pesa zote ziingizwe kwenye akaunti ya mpwa wake, mtoto mwema, raia wa Oman, mcha Mungu. Na kweli yule kijana alikuwa mwema. Kila mwezi alimtolea mjomba wake alichotaka bila ya kumuuliza swali.

Kisha yule kijana akafa kwa ajali ya gari.

Benki ikapata habari ya msiba, akaunti ikafungwa mpaka mirathi ishughulikiwe. Kisheria zile pesa zilikuwa za marehemu, na marehemu ana mke, ana watoto wadogo, ana wazazi. Hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa kuwa humo ndani mna mali ya mjomba. Mzee akaletwa kwetu presha imepanda hata mashine haikuaminika, ikabidi tupime mara mbili. Usiku wake, nilipokwenda kumbadilishia dripu, akanishika mkono akaniambia: "Mwanangu, hivi mimi nimerithiwa nikiwa hai?"

Sikuwa na la kumjibu. Makala hii ndiyo jawabu niliyoshindwa kumpa usiku ule.

Ndugu wasomaji, kwanza tuelewe tunapozungumzia benki za hapa tunazungumzia kitu gani. Wengi wetu tunadhani akaunti ni ya mtu. Kwa mgeni wa Maskati, akaunti ni ya bataka. Bataka ikiwa hai, akaunti iko hai. Bataka ikimalizika muda wake na usipeleke mpya, kadi yako ya benki inaweza kukataa kufanya kazi mbele ya mashine huku mshahara wako umo ndani. Bataka ikifutwa, wewe kwa macho ya benki si mteja tena, ni faili la kufungwa. Na bataka yenyewe haisimami peke yake, inamtegemea mwajiri, au mume, au mke, au mali uliyonunua. Kwa hiyo mgeni anayestaafu anapoteza vitu vitatu kwa siku moja: kazi, bataka na akaunti.

Zamani mambo haya hayakuwako. Benki ya kwanza kufungua mlango hapa Maskati, mwaka 1948, ilikuwa ile iliyokuja kuitwa British Bank of the Middle East, na kwa miaka ishirini ilikuwa peke yake. Mabibi zetu fedha yao ilikuwa ni riale za Maria Theresa ndani ya kasha, na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kanga. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia na kuwaita Waomani walio nje warudi, Wazanzibari wengi wenye asili ya hapa walikuja na elimu zao, wakawa waalimu, wauguzi, mainjinia, makarani. Benki Kuu ya Oman ikaundwa kwa sheria ya 1974. Nchi ikajengeka, na benki zikajengeka pamoja nayo.

Lakini familia zetu hazikufika zote kwa njia moja. Baada ya mapinduzi ya 1964 watu walitawanyika. Ndugu watatu wa tumbo moja, mmoja alikuja Maskati akapata uraia, mmoja alipitia Mombasa akaishia Uingereza, mmoja hakuondoka Unguja. Siku ya Idi wakikaa kwenye sinia moja hutowajua nani ni nani. Lakini wakiingia benki pamoja, karani anawaona watu watatu tofauti kabisa: raia, mgeni wa matembezi na mfanyakazi wa mkataba. Damu haisomeki kwenye kompyuta.

Sasa tumchukue huyu wa Uingereza, mstaafu anayetaka kuhamia. Jee, hana mlango wa halali? Upo, lakini tuutazame upana wake. Katika mpango wa ukaazi wa muda mrefu uliozinduliwa Oktoba 2021, Oman iliweka na nafasi ya mstaafu wa kigeni. Sharti lililotangazwa ni kipato cha kudumu kisichopungua rial 4,000 kwa mwezi. Rial moja imefungwa kwa kiwango cha kama dola 2.60 tangu 1986, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya dola 10,000 kila mwezi.

Mzee wetu anapata ngapi? Pencheni kamili ya serikali ya Uingereza, ule mfumo mpya, katika mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Hiyo inakaribia pauni elfu moja kwa mwezi, ambayo kwa hapa ni kiasi cha rial 500 hivi. Yaani mzee aliyefanya kazi maisha yake yote na kupata pencheni kamili ana kama sehemu moja ya nane ya kinachotakiwa. Na ili muone ukubwa wa kiwango hichi, itazameni sheria ya kodi ya mapato iliyotolewa hapa 2025, itakayoanza kazi 2028. Imewakusudia watu wenye kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Mstaafu wa rial 4,000 kwa mwezi ana 48,000 kwa mwaka. Maana yake mlango wa wastaafu umepimwa kwa kimo cha tajiri.

Mlango wa pili ni kununua nyumba kwenye ile miradi maalumu ya kitalii, kama Al Mouj, ambako sheria ya 2006 iliruhusu wageni kumiliki, na umiliki ukaja na haki ya kuomba ukaazi. Ni mlango mzuri kwa aliyeuza nyumba London. Kwa aliyeuza kijichumba cha ghorofani katika mji mdogo, hesabu mara nyingi haifiki.

Na kuna jambo jengine wazee wengi hawaambiwi mpaka wameshafunga masanduku. Pencheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa anayeishi kule, lakini kwa anayehamia Oman haipandishwi. Inaganda pale pale ilipokuwa. Tanzania pia imo katika kundi hilo la nchi ambazo pencheni hugandishwa. Kwa hiyo kiasi anachokuja nacho leo ndicho atakachokuwa nacho akiishi miaka ishirini mengine, na bei ya dawa haigandi. Tena mara kwa mara hutumiwa fomu ya kuthibitisha kuwa yuko hai, itiwe saini mbele ya shahidi na irudishwe. Fomu ikipotea njiani, pencheni husimamishwa mpaka ijulikane kuwa hajafa. Nimeshawaona wazee wenye akili zao timamu wanahangaika kutafuta mtu wa kuwashuhudia kuwa wanapumua.

Tusiwe wenye kulaumu tu. Benki nayo ina hoja zake na nimezisikiliza. Oman ina sheria ya kupambana na utakatishaji fedha, ya mwaka 2016, na benki inalazimika kumjua mteja wake ni nani, anaishi wapi na pesa zake zimetoka wapi. Mtu akija na viza ya wiki chache na fedha za kuuzia nyumba, karani anaogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu likitokea la kutokea atakayeulizwa ni yeye. Na tusisahau kuwa hata sisi tulipokwenda Ulaya tulizungushwa vile vile. Waulizeni waliofika London na Copenhagen zamani, benki ilitaka barua ya umeme yenye jina lako, na wewe unalala chini kwa shemegi. Hili la kumtilia shaka mgeni ni la dunia nzima.

Hata hivyo, kumjua mteja ni jambo moja na kumfungia mlango ni jambo jengine. Mzee mwenye pencheni ndiye mteja rahisi kuliko wote kumjua. Pesa yake inatoka serikalini, kiasi kile kile, tarehe ile ile. Hachukui kazi ya kijana yeyote wa Kiomani. Analeta fedha za kigeni na anazitumia hapa hapa, kwa dawa, umeme na samaki. Ni hatari gani hiyo ya kushinda faida yake?

Sasa nije kwa kundi la pili, ambalo ndilo langu mwenyewe. Hawa ni wageni waliozeekea kazini hapa hapa. Wauguzi, waalimu, madereva, wapishi, wenye pasi za Tanzania na Kenya. Huyu hana tabu ya kufungua akaunti, alifunguliwa wiki ya mwanzo. Tabu yake ni siku ya kuondoka.

Nilikuwa na dada yangu wa kazi, mkubwa kwangu kwa umri hata tukimwita Bi Mkubwa, aliyenifunza mambo mengi ya wodini ambayo chuoni sikufunzwa. Alipomaliza miaka yake, mwajiri wake alifuta bataka kwanza, kiinua mgongo kikaja baadae. Yeye keshaondoka, yuko Unguja anasubiri. Pesa zikatumwa kwenye akaunti ambayo benki ilikuwa imeshaisimamisha kwa kuwa bataka imefutwa. Mwajiri anasema nimelipa. Benki inasema mteja aje mwenyewe. Mteja anasema nije na tiketi ya nani? Miezi minane ilipita. Katika miezi hiyo fundi aliyekuwa akimjengea alishuka ngazini akaenda zake, na mvua za masika zikanyesha ndani ya kuta zisizo na bati. Mwisho alizipata, alhamdulillah, lakini nusu ya furaha ilikuwa imeshaliwa na kunguru.

Tufanye hesabu ili tujue nini kilichokuwa kikichezewa. Kwa sheria ya kazi ya 2003, kiinua mgongo cha mgeni kilikuwa mshahara wa msingi wa siku 15 kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo, kisha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka unaofuata. Sheria mpya ya kazi ya 2023 imefanya mwezi mmoja kwa kila mwaka tangu mwanzo. Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa rial 400 aliyefanya kazi miaka 20. Kwa hesabu ya zamani anapata rial 7,400, kwa hesabu mpya 8,000. Ni kama dola 19,000 mpaka 21,000. Hiyo si pesa ya kuchezea. Hiyo ndiyo pencheni yake yote, hana nyengine, kwa sababu mgeni wa sekta binafsi hakuwa akichangiwa mfuko wa uzeeni kama raia.

Hapo pana habari njema, na muungwana husema mema akiyaona. Sheria ya hifadhi ya jamii iliyotoka 2023 imeleta mfumo wa akiba kwa wafanyakazi wa kigeni, ambapo mwajiri atachangia asilimia 9 ya mshahara wa msingi kila mwezi kwenye mfuko, badala ya kungoja kumlipa mtu siku ya mwisho. Utekelezaji wake umepangwa kwenda kwa hatua. Na tangu 2023 mishahara inatakiwa ipitie benki chini ya mfumo wa kulinda mishahara, jambo lililowasaidia wengi waliokuwa wakilipwa kwa ahadi. Lakini akiba hiyo nayo siku moja itatoka mfukoni iende kwenye akaunti. Akaunti gani? Tumerudi pale pale.

Ndugu zangu, nadhani mmeona ninapoelekea. Ninachosema ni hiki: akaunti ya uzeeni hufunguliwa wakati bado una kazi, una bataka, una afya na una saini yako. Ukingoja kustaafu umechelewa. Na neno saini nalisema kwa makusudi. Katika kazi yangu nimeona watu walioamka asubuhi na mkono wa kulia hauinuki. Kiharusi hakikupi taarifa ya siku thelathini. Mzee aliyekuwa akitia saini ya madoido tangu ujana wake, leo anachora kama mtoto wa chekechea, na benki inalinganisha na saini ya kwenye faili inasema hazifanani. Familia inamzunguka kitandani, kila mmoja anataka namba ya siri, na mgonjwa mwenyewe hata jina lake halitoki sawasawa. Hapo ndipo unapojua kuwa kupanga ni ibada.

Naomba basi niseme yale ninayowaambia wenzangu wodini tukimaliza zamu.

Kwanza, wewe mfanyakazi wa mkataba, fungua akaunti nyumbani leo, ukiwa bado unalipwa. Benki ya Watu wa Zanzibar iko tangu 1966, na benki kadhaa za Bara zina akaunti za walio nje, kama ile ya Tanzanite ya CRDB. Itumie, ipitishe pesa kidogo kidogo, ili siku ya pesa kubwa isionekane ni ya ajabu. Na kwa Wazanzibari, ulizeni kuhusu mpango wa hiari wa mfuko wa ZSSF. Kibaba kibaba hujaza kisaga.

Pili, mwaka mmoja kabla ya kuondoka, zungumza na mwajiri kwa maandishi. Kiinua mgongo kiingie kwanza, bataka ifutwe baadae. Lipa mkopo, rudisha kadi, wape benki maagizo ya maandishi pesa zihamishiwe wapi, na chukua barua ya kufunga akaunti. Usiondoke Maskati ukiwa na pesa inayokufuata nyuma.

Tatu, wewe mzee unayetaka kuhamia hapa kutoka Ulaya, usiifunge akaunti yako ya kule kabla hujapata ya huku. Pencheni inaweza kuendelea kuingia kule. Uliza benki yako kwa maandishi kama itakukubali ukiwa na anuani ya nje, maana si zote zinazokubali. Njoo na ushahidi wa kila senti: mkataba wa kuuzia nyumba, barua za pencheni, taarifa za benki. Ukipata bataka kwa njia yoyote ya halali, siku hiyo hiyo nenda benki. Zipo benki zenye utaratibu wa wasiokuwa wakaazi, lakini huo ni uamuzi wa benki, kwa hiyo uliza kabla hujauza nyumba.

Nne, na hili ndilo lililomuua mzee wangu kwa roho: ukilazimika kutumia akaunti ya mtoto, mpwa au mdogo wako, andikianeni. Uingereza inaruhusu pencheni yako iingie kwenye akaunti ya mtu mwengine kwa ridhaa yake. Kuruhusiwa huko hakukukingi akifa. Najua mtasema, "Aibu, vipi nimwandikishe mwanangu?" Jamani, sisi ni Waislamu wengi wetu hapa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imehusu nini? Imehusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Hatukuambiwa tuandikiane na maadui peke yao. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi, saini mbili na mashahidi ingelimwezesha yule mzee kusimama mbele ya kadhi na kudai amana yake kabla ya urithi kugaiwa, na wale mayatima wasingeingizwa katika mgogoro na mjomba wa baba yao.

Tano, wakala aandikwe mapema kwa njia ya kisheria, na mjue mipaka yake. Wakala hauendelei baada ya kifo. Ukikipa kijana kadi yako na namba ya siri, hiyo si wakala, hiyo ni bahati nasibu.

Hayo ni yetu sisi. Lakini wakubwa nao wana yao, na makala ya siasa isiyowagusa wakubwa ni kahawa bila tangawizi.

Kwa benki za Oman na wanaozisimamia, naomba jambo dogo. Iwekwe akaunti ya mstaafu, yenye kiwango maalumu cha juu, inayopokea pencheni iliyothibitishwa peke yake, na isiyofungwa siku ile ile bataka inapofutwa. Mpeni mtu miezi kadhaa ya kuhamisha chake. Hatuombi uraia wala msaada. Tunaomba muda wa kubeba mzigo wetu wenyewe.

Kwa serikali ya Tanzania na ya Zanzibar, kila mkutano wa watu wa nje tunaambiwa tutume pesa, tuwekeze, tununue hatifungani. Sawa. Lakini mtu huyo huyo akirudi mzee na pasi ya kigeni, anaambiwa na benki ya kwao kuwa yeye ni mgeni, alete kibali cha ukaazi. Sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ule muswada wa hadhi maalumu uliopelekwa Bungeni Dodoma 2024 ulikuja kupunguza makali hayo kwa wenye asili ya Tanzania. Basi hadhi hiyo ipimwe kaunta ya benki. Kama mzee wa miaka sabini haendi nayo kufungua akaunti ya kupokelea pencheni yake, itabaki ni hadhi ya kwenye hotuba. Na Juni 2022 Rais Samia alipotembelea Maskati zilitiwa saini hati kadhaa za mashirikiano kati ya nchi mbili hizi. Safari ijayo, jamani, ukurasa mmoja uwe wa mstaafu.

Kwa sisi wanajumuiya wa hapa, tunachangishana haraka sana kusafirisha maiti, na hilo ni jema, Mungu atalipa. Tungechangishana nusu ya bidii hiyo kumsaidia aliye hai kujaza fomu, kuhifadhi nakala na kwenda naye benki, tungelizika watu wenye mioyo iliyotulia.

Yule mzee alitoka hospitali. Familia, kwa uungwana wao, wanaendelea kumlea, na mke wa marehemu amesema mbele ya watu kuwa anajua pesa zile si zote za mumewe. Lakini watoto ni wadogo na fungu lao haliachwi kwa neno la mdomo la mama yao, kwa hiyo kesi inakwenda kama kesi zinavyokwenda. Alipokuja kliniki mara ya mwisho presha ilikuwa imeshuka kidogo. Alibeba bahasha ya plastiki imejaa nakala za karatasi za zamani, mkataba wa nyumba, risiti za kutuma pesa, kila kitu. Akaniambia, "Sista, sasa naandika hata deni la mkate." Tukacheka wote wawili.

Miye nimerudi nyumbani siku hiyo, nikafungua droo yangu. Bataka yangu ina miezi kumi na moja imebakia. Nimeanza kuandika barua zangu. Na wewe je?

Wabillahi tawfiq.

Muuguzi, Maskati